Klasta, Daftari na Beringi: Uchambuzi wa Kisa cha Mradi wa Data Kubwa

Kisa hiki kinahusu kampuni ya ukubwa wa kati inayosambaza vipuri vya mashine. Jina lake, nchi yake na majina ya wahusika nimeyaondoa, na maelezo machache ambayo yangeweza kuitambulisha nimeyabadilisha. Niliingia mwishoni, bodi ilipotaka mtu wa nje awaambie kama mradi uendelee au usitishwe. Kwa hiyo ninayoyasema kuhusu miezi ya mwanzo nimeyatoa kwenye mikataba, kumbukumbu za vikao na mazungumzo na waliokuwepo.

Usuli

Kampuni ilikuwa na ghala kuu na matawi kadhaa. Iliuza maelfu ya vipuri: beringi, mikanda, sili za mafuta, vichujio, gasketi. Kila tawi lilitumia programu ileile ya uhasibu, na kila usiku lilituma faili la mauzo makao makuu. Mafaili hayo yalihifadhiwa vizuri kwa miaka, ila hakuna aliyeyafungua isipokuwa wakaguzi wa hesabu walipokuja.

Tatizo lilikuwa moja lenye sura mbili. Mteja alifika na mashine imesimama, akaambiwa kipuri hakipo. Wakati huohuo, rafu zilijaa vipuri ambavyo havijaguswa kwa miaka, na fedha ya kampuni ilikuwa imelala humo. Wakuu wa matawi waliagiza kwa uzoefu na kwa woga: kipuri kilichowahi kuwaaibisha mbele ya mteja mkubwa kiliagizwa kwa wingi, hata kama hakikuulizwa tena.

Jinsi uamuzi ulivyofikiwa

Ilikuwa katikati ya muongo uliopita, na kila mkutano wa biashara ulikuwa na mada ya data kubwa, yaani data nyingi kiasi cha kuishinda kompyuta moja. Chanzo chake kilikuwa halisi kabisa. Mwaka 2003 na 2004 Google ilichapisha maelezo ya jinsi inavyohifadhi na kuchakata data kwa kuigawa katika maelfu ya kompyuta za kawaida. Kutokana na mawazo hayo ikazaliwa Hadoop mwaka 2006, programu huria iliyokuzwa kwa nguvu ndani ya Yahoo. Kampuni hizo zilikuwa zinahifadhi nakala ya sehemu kubwa ya kurasa za intaneti. Miaka michache baadaye, zana ileile ilikuwa ikiuzwa kwa yeyote mwenye bajeti.

Muuzaji alikuja na slaidi zake. Nilizisoma zote. Moja ilisifia Google Flu Trends, mfumo uliozinduliwa mwaka 2008 kukadiria mafua kutokana na maneno ambayo watu huyatafuta mtandaoni. Slaidi iliishia kwenye uzinduzi. Haikusema kwamba katika msimu wa 2012/13 mfumo huo ulikadiria karibu mara mbili ya kiwango cha wagonjwa wenye dalili za mafua ambacho CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikipata kutoka kwa madaktari. Habari hiyo ilikuwa imeshachapishwa hadharani wakati slaidi inaonyeshwa. Mwaka 2015 Google iliacha kutoa makadirio hayo. Simlaumu muuzaji sana. Kazi yake ni kuuza. Waliokaa upande wa pili wa meza ndio waliopaswa kuuliza mfano huo uliishia wapi.

Mtu mmoja aliuliza. Mkuu wa fedha, kwa mujibu wa kumbukumbu za kikao, alitaka kujua data ya kampuni ina ukubwa gani. Jibu lililoandikwa ni: "Inakua kwa kasi." Kikao kikahamia ajenda inayofuata. Mimi nilipoipima, mauzo yote tangu programu ya uhasibu ilipoanza kutumika yalienea kwenye kompyuta yangu ya mkononi na nafasi kubwa ikabaki.

Sababu za kununua zilikuwa tatu. Ya kwanza ni hofu ya kuachwa nyuma, kwa kuwa mshindani alikuwa ametangaza mradi wa namna hiyo. Ya pili, mkurugenzi mkuu alikuwa mgeni na alihitaji jambo la kuonekana. Ya tatu haikuandikwa popote, lakini niliisikia kwa watu ambao hawakuwa wameketi pamoja: fedha ya teknolojia ilipitishwa kwa urahisi, ilhali ombi la kuajiri makarani wawili wa ghala lilikuwa limekataliwa mara kadhaa. Hii ya tatu ndiyo naiona nzito kuliko zote, na nitairudia.

Yakaamuliwa mambo matatu kwa mkupuo mmoja: kukodi klasta ya seva (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi kama moja) yenye Hadoop, kukusanya kila data iliyopo kwanza na kutafuta maswali baadaye, na kuajiri wataalamu wawili wa data watakaokaa idara ya teknolojia, makao makuu. Ghala lilikuwa mbali na makao makuu.

Mwaka wa kwanza

Mwaka wa kwanza uliliwa na kazi ya kuhamisha mafaili. Kukatokea kikwazo ambacho kila fundi wa Hadoop anakijua. Mfumo wake wa kuhifadhi umebuniwa kwa mafaili makubwa mno: hukata data katika vipande vya megabaiti 128, huweka nakala tatu za kila kipande, na orodha ya mafaili yote huikalisha kwenye kumbukumbu ya seva moja inayosimamia. Kampuni ilikuwa na makumi ya maelfu ya mafaili madogo, moja kwa kila tawi kwa kila siku. Klasta ikawa inatumia muda mwingi kupanga kazi kuliko kuifanya. Swali la kawaida, kwa mfano mauzo ya kipuri fulani kwa mwezi, lilichukua dakika kadhaa. Nililiuliza swali hilohilo kwenye PostgreSQL, programu ya kawaida ya hifadhidata, ndani ya kompyuta moja, na jibu likaja kabla sijaondoa mkono kwenye kibodi.

Hata hivyo mwaka ule ulileta jambo moja la maana, nalo lilitokea karibu kwa bahati. Ili kuijaza klasta, data ya matawi yote iliwekwa mahali pamoja kwa mara ya kwanza. Dashibodi ya kwanza, ramani yenye rangi nyekundu na kijani, ilionyesha kwamba kipuri kilichokosekana tawi moja mara nyingi kilikuwa kimekaa bure tawi jingine. Kukaanzishwa utaratibu wa kuhamisha vipuri kati ya matawi. Wakuu wa matawi walinung'unika, kisha wakazoea. Faida ilionekana ndani ya miezi michache, na ndiyo iliyomfanya mkurugenzi aseme mbele ya bodi kwamba mradi umefanikiwa.

Robo mwaka ya majaribio

Baada ya sifa hizo, hatua ya pili ilikuwa utabiri. Wataalamu walitengeneza modeli ya kujifunza kwa mashine, yaani programu inayojitafutia mwenendo ndani ya data, wakaifundisha kwa mauzo ya miaka iliyopita, na kwa robo mwaka moja maagizo ya kundi la beringi na sili yakafuata ushauri wake bila mkono wa mtu kuingilia.

Mambo yakaharibika. Beringi zinazotoka haraka zilipungua zaidi ya mwanzo, na zile za polepole zikarundikana. Kikao kilichofuata kililaumu modeli. Muuzaji akashauri modeli kubwa zaidi, na kwenye pendekezo lake jipya maneno "data kubwa" yalikuwa yameshafutwa na mahali pake pameandikwa "akili bandia". Bei haikushuka.

Hapa ulifanyika uamuzi ninaouona bora kuliko yote katika kisa hiki, na haukutoka kwa bodi. Mmoja wa wataalamu wale wawili, kijana, aliomba ruhusa ya kwenda kukaa ghala kuu kwa muda.

Ghalani

Ghala lilisimamiwa na mama mtu mzima ambaye alikuwepo tangu kampuni ilipokuwa na tawi moja. Kijana alikwenda na chati iliyomsumbua: katika matawi madogo, mauzo yalikuwa hafifu kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kisha Ijumaa yanapaa. Modeli ilikuwa imeukamata mwendo huo na kushauri mizigo ipelekwe Alhamisi.

"Mama, kwa nini wateja wa matawi madogo hununua Ijumaa?"

"Hawanunui Ijumaa, mwanangu. Ijumaa ndiyo siku karani anakaa kuingiza stakabadhi za wiki."

Modeli haikuwa imekosea hesabu. Ilikuwa imejifunza ratiba ya karani, ikaidhania tabia ya wateja.

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Programu ya uhasibu huandika kilichouzwa. Beringi ikiisha, mauzo yake ni sifuri, na kwa modeli sifuri ni sifuri: haiwezi kujua kama hakuna aliyeitaka au kumi waliitaka wakarudi mikono mitupu. Kwa hiyo kipuri kilichopendwa hadi kikaisha kilionekana kuwa kimepoteza wateja. Modeli ikashauri kiagizwe kidogo, kikaisha mapema zaidi, sifuri zikaongezeka, ushauri wa mwezi uliofuata ukawa mdogo tena. Ndiyo maana vipuri vya haraka ndivyo vilivyoumia. Wanaofanya kazi ya kupanga stoki wanajua siku zote kwamba mauzo na mahitaji ni vitu viwili, lakini hakuna aliyewauliza.

La tatu ni majina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye funzo kubwa.

Kipuri kimoja kiliandikwa kwa njia nyingi. Tawi moja liliandika "BERINGI 6204", jingine "6204-2RS", la tatu "beringi ya pampu 6204". Kabla ya kwenda ghalani, wataalamu walikuwa wametumia programu inayolinganisha herufi ili kuunganisha majina yanayofanana. Kwa kipimo cha herufi, 6204 na 6205 ni karibu kitu kimoja. Tofauti yake ni tarakimu moja. Kwa fundi aliyeshika shafti mkononi, tundu la 6204 lina milimita 20 na la 6205 lina milimita 25, na hakuna nyundo itakayozipatanisha. Zipo pia 6204-2RS na 6204-ZZ. Kipenyo chake ni kilekile, upana wake ni uleule, lakini ya kwanza ina sili za mpira pande zote mbili na ya pili ina vifuniko vya chuma. Kwenye mota iliyo mahali pakavu, nyingi zinaweza kubadilishana. Kwenye pampu ya maji, vifuniko vya chuma havizuii maji kama sili za mpira, na mteja atarudi akiwa na hasira.

Programu ilikuwa imeziunganisha zote nne. Mama wa ghala alipoonyeshwa orodha hiyo alicheka, kisha akaomba kalamu. Alipitia orodha ukurasa kwa ukurasa, akiweka mstari mmoja kwa zinazobadilishana na mistari miwili kwa zisizobadilishana. Kijana alikaa pembeni akiingiza kwenye kompyuta. Karatasi zile nimeziona. Zimechafuka grisi, na ndizo zilizozaa orodha rasmi ya vipuri ambayo kampuni inaitumia.

Hatua zilizofuata

Kijana aliandika ripoti fupi, mkuu wa fedha akaibeba hadi kwenye bodi, na hapo ndipo nilipoitwa. Nilichoshauri hakikutofautiana sana na ripoti yake.

Orodha moja ya vipuri, yenye namba moja kwa kila kipuri, ikawa sharti: muuzaji wa tawi anachagua kwenye orodha, hachapi jina mwenyewe. Stakabadhi zikaanza kuingizwa papo hapo kwa skana ya msimbopau. Kwa skana kampuni ililazimika kununua vifaa, na kwa orodha ililazimika kuajiri makarani wawili walewale waliokuwa wamekataliwa.

Halafu likaja daftari. Tulitaka kujua ni mara ngapi mteja anaomba kipuri kisichokuwepo, na programu ya uhasibu haikuwa na pa kuandika jambo hilo. Badala ya kusubiri ibadilishwe, kila kaunta ilipewa daftari lenye safu tatu: tarehe, kipuri, idadi. Baadhi ya matawi hayakuandika lolote wiki za mwanzo, kwa kuwa mkuu wa tawi aliona anajiandikia mashtaka. Ilibidi mkurugenzi mwenyewe atamke kwamba daftari halitatumika kumpima mtu. Baadaye safu hizo ziliingizwa kwenye programu.

Utabiri nao ulirudi kwenye njia rahisi. Vipuri vingi huuzwa kwa vipindi: wiki tatu hakuna, kisha mteja mmoja anachukua sita. Kwa mahitaji ya aina hiyo ipo njia iliyochapishwa na J. D. Croston mwaka 1972, inayokadiria mambo mawili kwa kutenganisha: kiasi kinachochukuliwa, na muda unaopita kati ya ununuzi mmoja na mwingine. Njia hiyo ina upendeleo unaojulikana, huelekea kukadiria juu kidogo, na watafiti Syntetos na Boylan walichapisha marekebisho yake mwaka 2005. Yote mawili yanaandikika kwenye lahajedwali kama Excel. Tulianza huko, kisha yakahamishiwa kwenye hifadhidata.

Klasta ilizimwa mkataba wake ulipoisha.

Matokeo

Daftari na programu vilionyesha kwamba safari za wateja kurudi mikono mitupu zilipungua kwa kiasi ambacho wakuu wa matawi walikikubali bila ubishi, na ubishi wao naufahamu. Stoki iliyolala ilipungua polepole zaidi, kwa sababu kipuri kikishanunuliwa na hakitakiwi, hakuna hesabu inayokiondoa rafuni. Kingine kiliuzwa kwa hasara. Vipuri vya nadra kabisa, vile vinavyoulizwa mara moja kwa miaka miwili, havijapata dawa hadi leo. Mtaalamu wa pili aliondoka. Alikuja kujenga mifumo mikubwa na akajikuta anasahihisha majina ya beringi, sikumshangaa.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema kampuni iliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sioni hivyo. Hadoop ilifanya kazi iliyobuniwa kuifanya, kwa waliokuwa na kazi hiyo. Kosa lilikuwa kupima zana kwa sifa zake badala ya kuipima kwa mzigo. Na kampuni haikuwa peke yake: mwaka 2012 watafiti wa Microsoft walionyesha kwamba kwenye klasta za uchambuzi za Microsoft na Yahoo zenyewe, nusu ya kazi zilikuwa na data isiyofika gigabaiti 14. Hata nyumbani kwa data kubwa, kazi nyingi zilikuwa ndogo.

Kuna anayeweza kuchukua kisa hiki akasema basi lahajedwali latosha kwa kila kitu. Mwaka 2020 Public Health England, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza, ilipoteza kwa muda matokeo 15,841 ya vipimo vya COVID-19 kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni safu mlalo 65,536. Zilizozidi hazikuingia. Zana ndogo kuliko mzigo huumiza watu kama ilivyo zana kubwa kuliko mzigo, pengine zaidi, maana ile kubwa hupoteza fedha tu. Swali la mkuu wa fedha lilikuwa sahihi kwa pande zote mbili, na lilihitaji mchana mmoja kujibiwa.

Kuhusu modeli, msimamo wangu ni wa tahadhari. Katika shindano la utabiri la M4 la mwaka 2018, lililotumia mifululizo 100,000 ya takwimu zilizopangwa kwa muda, hakuna hata moja kati ya njia sita za kujifunza kwa mashine peke yake iliyoshinda wastani wa njia chache za kale za kitakwimu. Miaka miwili baadaye, katika shindano lililofuata, M5, lililotumia mauzo ya Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, washindi walitumia kujifunza kwa mashine, na walishinda kwa haki. Ila katika M5 hilohilo zaidi ya timu 9 katika kila 10 hazikuifikia njia rahisi bora iliyowekwa kama kipimo. Washindi walikuwa na data safi ya duka kubwa, bei, kalenda ya sikukuu, vyote vikiwa vimepangwa. Kampuni yetu ilikuwa na stakabadhi za Ijumaa. Modeli yoyote, iwe ya 1972 au ya jana, ingekwama palepale.

Kilichoshindwa hasa ni mpangilio wa watu. Wataalamu wa data waliwekwa mbali na wanaoizalisha. Habari zote tatu zilizouangusha utabiri, yaani Ijumaa, sifuri na majina, zilikuwa zinajulikana ghalani tangu siku ya kwanza. Mama wa ghala hakuzificha; hakuwahi kualikwa kikaoni. Kanuni ya kukusanya kwanza na kuuliza baadaye ilizidisha umbali huo, kwa sababu anayekusanya bila swali hana sababu ya kumtafuta mwenye jibu.

Sasa nairudia ile sababu ya tatu. Orodha ya vipuri, skana na makarani vilikuwa vimeombwa kabla ya mradi na kukataliwa. Vilipitishwa baada yake, kama "maandalizi ya akili bandia". Data ya matawi ingeweza kuunganishwa kwenye hifadhidata iliyokuwepo miaka mingi nyuma, na haikuunganishwa hadi mbwembwe za klasta zilipoleta fedha na macho ya bodi. Kwa hiyo nikiulizwa kama msisimko ule ulikuwa na faida, siwezi kujibu hapana. Ulifungua mkoba ambao hoja za ghala hazikuweza kuufungua. Ni njia ya gharama kubwa ya kupata makarani wawili, lakini katika kampuni hii ndiyo iliyofanikiwa, na mkuu wa idara anayejua bodi yake atalielewa hilo bila kuelezwa.

Bodi imejiwekea masharti kabla ya ununuzi mwingine wa aina hii: ukubwa wa data upimwe na uandikwe, swali litakalojibiwa litajwe kwa sentensi moja, njia rahisi ijaribiwe kwanza na matokeo yake yawekwe kando ya yale ya njia mpya, na mkuu wa ghala awepo. Masharti hayo yameshapata mtihani wake. Limekuja pendekezo la kufunga vihisi kwenye mashine za wateja ili kujua beringi inapokaribia kufa kwa kusoma mtetemo wake. Safari hii data inaweza kuwa kubwa kweli, kwa kuwa mtetemo husomwa mara maelfu kwa sekunde, na pendekezo si la kupuuzwa. Mama wa ghala alialikwa. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani atakwenda kubadilisha betri za vihisi hivyo kwa mteja aliye mbali, na kwa gharama ya nani. Muuzaji ameomba muda wa kuandaa jibu.